Kibao cha Mshubiri

4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Bunda hili nimelituma kwa basi la asubuhi, na barua nimeiviringisha humo humo pamoja na michoro. Simu mimi na wewe tukiishika tunaishia kucheka, kazi haijadiliwi. Tena huku kwetu mtandao unakuja na upepo. Upepo ukitulia, nao umetulia.

Kwanza jina la biashara yetu. Uliniandikia majina ukurasa mzima, nami nimemsomea Mama yote. "Urembo wa Kisasa," amesema hiyo ni saluni. "Malkia wa Mapazia," akauliza malkia ni yupi kati yenu, mpigane kwanza tujue.

Mimi nataka tuitwe Mshubiri. Usicheke. Unakumbuka siku uliyoletwa hapa kumsalimia Mama mkwe wako mara ya kwanza? Gauni lako jipya likanasa kwenye miiba ya mmea wa mlangoni, ukasimama pale hujui uvute au uite mtu, na mdogo wangu, huyo mumeo, keshaingia ndani zamani. Ni mimi niliyekuja kukunasua. Mmea ndio huo. Mvua ikikata, huku kila kitu kinakufa isipokuwa huo. Majani yanajikunja kwa ndani, yanageuka rangi ya matofali, unadhani umekwisha. Kikinyesha kimvua kidogo tu, unashtukia shina limechomoza na maua ya rangi ya moto.

Nimeuchora wote, jani kwa jani, na nimechonga mihuri miwili ya mbao uijaribu kwenye kitambaa. Mimi nachora na kuchonga, wewe unachapa, unashona na kuuza huko mjini. Nimekuwa nikichora mabango ya watu maisha yangu yote, wifi. Nataka sasa nichore kitu chetu.

Wifi yako anayekupenda,
Mchoraji


19 Februari

Wifi,

Bunda limefika zima, ingawa kuna abiria alitaka kulikalia.

Shubiri! Huna huruma wewe. Nani aingie dukani aseme nipe pazia chungu? Kila mama aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa atakunja uso. Nimemwambia kaka yako, kacheka mpaka kakaa chini. Anasema yeye mwenyewe aliachishwa kwa shubiri na hadi leo anaisikia ulimini.

Lakini nikaitandaza michoro kitandani, nikaipitia mmoja mmoja. Lile jani lililojikunja, wifi! Nimelitazama nikaona kama mtu aliyejikumbatia kwa baridi. Nikachapa foronya mbili kwa muhuri wako. Jirani yangu mwalimu akaja kuomba chumvi, akaondoka na foronya, chumvi akaisahau. Basi nimeshindwa. Sisi ni Mshubiri.

Mambo ya usajili kaka yako anasema tumwachie yeye. Ofisi yenyewe iko mtaa mmoja na kazini kwake, na unamjua, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, hawawezi kumzungusha. Anasema tutaandikwa wote wawili, wewe kwanza kwa kuwa mkubwa. Nimesema sawa, ila tukinunua gari mimi ndiye wa dirishani.

Tuma zaidi. Mikono inaniwasha.

Fundi wako


2 Aprili

Wifi yangu,

Kibao kimepanda! Nimekipaka mwenyewe rangi ya udongo, jani moja kubwa upande, na jina kwa herufi nono. Mama ametoka na kiti chake akakaa chini yake kutwa nzima, kila anayepita anamwambia, "Hiyo ni biashara ya wanangu." Anasema wanangu, sio mwanangu. Nawe umo.

Mkunga wa zahanati amechukua mapazia ya chumba cha wazazi, niliyoyachapa mwenyewe huku. Alitaka maua, nikampa majani, akasema haya yatawafaa wanawake wenye uchungu kuliko maua. Sikujua nicheke au nishukuru.

Humu ndani kuna michoro mipya. Mmoja ni jani lililokatwa, na utomvu ukidondoka. Mwingine ni mizizi. Niliufukua mmoja nyuma ya choo ili niione vizuri, Mama akanigombeza kama mtoto. Ule wa maua usiuchape kwa rangi moja, utaonekana kama ufagio.

Cheti kimetoka? Mpe mdogo wangu salamu. Mwambie tangu aote meno hajawahi kunifanyia jambo kubwa kama hili la usajili, na dada yake anajivunia.

Wifi yako,
Mchoraji


20 Mei

Wifi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi.

Michoro ni mizuri sana. Cheti kinaendelea, mambo ya ofisini yana taratibu zake.

Kaka yako anaomba mihuri yote iliyobaki ije huku, ile ya asili uliyochonga, si michoro peke yake. Anasema kuna watu wanataka kuona kazi yenyewe, na ni rahisi uchapaji wote ukifanyika sehemu moja. Nimepata chumba kikubwa cha kushonea, kina dirisha zuri. Ukiweza kuituma mwezi huu itakuwa vyema.

Msalimie Mama.

Fundi


11 Juni

Wifi yangu,

Mihuri hiyo. Yote. Nimeifunga kwa shuka la Mama ili isigongane. Nilipomaliza kufunga nikajikuta nimekaa na bunda mapajani kama mtu anayesindikiza mtoto shule ya bweni. Mbao zile nimezichonga kwa patasi ya marehemu Baba, vidole vyangu vinazijua gizani. Lakini ziko kwako, na kwako ni kwangu.

Sasa nikuulize. Mbona barua yako kavu hivyo? Hakuna mzaha hata mmoja. Nimeisoma na Mama, tukatazamana. Mama kasema, "Huyo ana mimba, anaogopa kusema mapema." Kama ni hivyo hongera, wala usituambie, sisi tutajifanya hatujui. Usinyanyue majora ya vitambaa. Mwambie mumeo akunyanyulie, ana mabega ya bure yale.

Na kama siyo hivyo, ni nini? Kama mdogo wangu amekuudhi niambie nije nimvute masikio, nimeshawahi.

Hongera kwa chumba. Siku nitakayokuja nitakaa dirishani nikuangalie ukishona.

Wifi yako siku zote,
Mchoraji


30 Agosti

Wifi,

Hujajibu, na simu zenu zote mbili zinaita hazipokelewi. Sikutaka kusumbua. Leo lazima niandike.

Walikuja wanaume wawili na gari jeupe. Wapole kabisa. Mmoja alimwamkia Mama, akamwona anavyoisugua miguu, akampa pole. Mwenzake akawa anapiga picha kibao chetu. Nikadhani ni wateja, nikawatolea viti.

Yule mpole akaniambia mimi, "Mama, jina hili lina mwenyewe."

Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi."

Akatabasamu, kwa huruma nadhani. "Limesajiliwa. Kuna Kampuni ya Mshubiri, inatengeneza mapazia na mashuka ya mahoteli. Kuuza hamkatazwi, ila si kwa jina hili wala kwa mchoro huu."

"Mchoro huu nimeuchora mimi," nikamwambia. "Na mmea wenyewe huo hapo, umeukanyaga."

Kweli alikuwa ameukanyaga. Akaondoa kiatu haraka, akasema samahani. Sijui aliniambia mimi au aliuambia mmea.

Nikamuuliza hiyo kampuni ni ya nani. Akanionyesha picha kwenye simu. Wifi, nilimwona mdogo wangu. Amesimama mbele ya ukuta, na ukutani lile jani langu lililojikunja, kubwa kuliko yeye. Chini wameandika: Mwanzilishi na Mbunifu.

Mama akaomba simu aone. Akaishika mbali na macho kama anavyofanya. "Huyu si mwanangu? Mbona kapendeza!" Kisha akanigeukia, akanitazama, na ile furaha ikamwishia usoni taratibu.

Wakasema wana maagizo kibao kishushwe wakiwepo. Nikapanda kwenye kiti nikakishusha mwenyewe. Sikutaka mkono wa mtu mwingine.

Wifi, najua kuna kosa mahali. Labda kuna tapeli amewaingilia, nanyi mnaona aibu kuniambia. Mimi sina hasira na nyinyi. Niambieni tu, tulikabili pamoja.

Wifi yako


9 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Barua uliyomwandikia mke wangu nimeiona. Naomba radhi sana kwa usumbufu ulioupata. Wale watu walitumwa na wakili wa kampuni, hawakujua kuwa pale ni nyumbani. Nimewagombeza.

Ngoja nikueleze kwa utulivu, maana wewe ni mtu mwelewa. Nilipokwenda kusajili niliona mbali kidogo. Nyinyi mlikuwa na wazo zuri, lakini wazo la kushona foronya. Wawekezaji hawaweki imani yao kwa wanawake wawili wanaoandikiana barua, mmoja yuko jangwani. Wanataka uso mmoja, jina moja, mtu wa kukaa naye mezani. Nikajitolea kuwa huyo mtu. Kuitwa mbunifu ni lugha ya biashara tu. Kila anayetujua anajua nani anachora.

Halafu, Dada, tuseme ukweli. Mmea ule haukuota kwako peke yako. Mimi pia nimezaliwa nyumba ile, nimechomwa na miiba ile ile. Jina ni la familia, nami ni familia. Nani kaibiwa hapo?

Nimeshazungumza na wenzangu. Tunaweza kukupa nafasi ya mshauri wa michoro, utakuwa unatutumia kazi kama zamani. Kitu pekee ninachokuomba, jambo hili lisimfikie Mama kwa namna mbaya. Unajua moyo wake.

Na kama unatafuta wa kumlaumu, usiniangalie mimi peke yangu. Mke wangu anajua tangu mwezi wa tatu. Michoro yako yote imepita mikononi mwake.

Mdogo wako akupendaye


15 Septemba

Wifi,

Mumeo ameniandikia. Sitakusumbua na aliyoyasema, nadhani mmeyaandika meza moja.

Nina swali moja. Mwezi wa tano uliponiomba nitume mihuri, ulikuwa unajua?

Usinijibu kwa maneno mengi.

Mimi


1 Oktoba

Wifi,

Nilikuwa najua.

Umesema nisijibu kwa maneno mengi, na hapo juu nimemaliza. Ukitaka, chana iliyobaki. Ila hatukuandika meza moja. Ile barua yake sikuiona, hata kwamba ameandika nimejua kupitia kwako.

Niliona karatasi za usajili mwezi wa tatu alipoziacha juu ya cherehani. Jina lilikuwa lake peke yake. Nikamuuliza, na mimi je? Na dada yako? Akasema, "Kwani mimi ni mtu baki? Tulia, kila mmoja atapata nafasi yake." Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Mwandikie. Halafu yeye atagombana na mimi, Mama ataugua, na wewe utakuwa mke aliyekuja kuvunja nyumba ya watu." Nikaiweka kalamu chini.

Hiyo ni sehemu inayonifanya nionekane mnyonge. Kuna nyingine. Wiki ile ile akanipeleka kwenye chumba cha kushonea. Dirisha kubwa, cherehani mpya za umeme, na wasichana wa kunisaidia wakiniita Madamu. Wifi, mimi nimeshona miaka yote pembeni ya kitanda, taa ikiwa nyuma yangu, nashonea kwenye kivuli changu mwenyewe. Nilikipenda chumba kile. Nilikipenda kiasi kwamba niliweza kukaa chini na kukuandikia barua ya kukuomba mihuri. Ulipojibu kuwa labda nina mimba, nisinyanyue majora, nilikwenda kuisomea chooni.

Mwezi wa saba walifanya sherehe ya ufunguzi. Alisimama jukwaani akahadithia jinsi alivyokaa utotoni akiutazama mmea mlangoni kwa mama yake. Alilia, wifi. Machozi ya kweli. Watu wakasimama kumpigia makofi. Kisha akaninyooshea mkono akasema, "Na huyu ni mke wangu, hunisaidia kushona." Nikainuka nikapunga mkono kama nilivyoelekezwa. Siku chache baadaye kazi yote ikahamia kiwandani, kwenye mashine zinazochapa na kushona zenyewe. Chumba chenye dirisha sasa ni ofisi ya mhasibu. Mihuri yako iko mapokezi, ndani ya kabati la kioo, na kikaratasi chenye jina lake.

Kwa hiyo najua unachofikiri: huyu ameumia kwa sababu naye katupwa. Nimejiuliza sana. Labda ningebaki na chumba changu ningenyamaza mpaka leo.

Nimetoka nyumbani kwake. Niko kwa yule jirani mwalimu, nalala sebuleni. Niko tayari kusimama popote unapotaka, mbele ya wakili au ofisi ya usajili, na kusema nani alichora, nani alichonga na nani alidanganya, mimi nikiwemo. Naomba nije huko. Naomba unipokee. Sitaki kitu, naweza hata kukupikia rangi na kukuoshea brashi.

Fundi


8 Oktoba

Mdogo wangu,

Uliniomba nisimwambie Mama. Sikumwambia mimi. Alikuwepo. Picha yako aliishika kwa mkono wake, na mimi nilipokuwa juu ya kiti nashusha kibao, yeye ndiye aliyekuwa amenishikia kiti.

Unauliza nani kaibiwa. Sitabishana nawe kwa barua. Nafasi ya mshauri mpe mwingine. Wiki hii nimekwenda kwa wakili wa hapa na nimeweka pingamizi dhidi ya usajili wako. Ameniambia wazi kuwa njia ni ndefu na huenda nikashindwa. Nimesaini hivyo hivyo.

Haya yafuatayo ni ya Mama. Amekaa hapa ubavuni kwangu, ananiambia andika kama ninavyosema.

"Mwanangu, sina hasira. Miguu inaniuma lakini nakula vizuri. Njoo nyumbani. Usije na zawadi, usije na dereva. Nataka ukae mbele yangu, unitazame, uniambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba yale majani umechora wewe. Ukiweza kusema, nitakubali."

Amerudia mara mbili hiyo ya mwisho, nihakikishe nimeiandika.

Kila jioni anahamishia kiti chake nje, upande unaotazama barabara. Magari ya mjini yanamjua sasa, yanampigia honi.

Dada yako


2 Novemba

Mke wa ndugu yangu,

Barua yako nimekaa nayo muda. Nimeijibu mara kadhaa na kuchana. Kuna iliyokuwa ya matusi, na kuna iliyokuwa ya kukusamehe. Zote mbili zilikuwa za uongo.

Mdogo wangu hakuja. Alituma pazia la mlangoni kwa basi, limechapwa kiwandani, majani yangu yamepangwa mistari kama askari. Mama alilipapasa kwa vidole, akauliza, "Amesema nini?" Nikamwambia hakuna barua. Akalikunja akaliweka chini ya godoro. Tangu siku hiyo kiti hakitoki nje.

Ushahidi wako naukubali. Wakili anasema bila wewe sina kitu, kwa hiyo nakuhitaji, na sipendi kukuhitaji. Utakuja, utakwenda naye ofisini, utasema yote, na ile barua ya mwezi wa tano utaieleza kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimekaa pale.

Yule mdogo wangu ametoka tumbo moja na mimi. Nilimbeba mgongoni, tamaa yake naijua tangu akiwa anatambaa. Amenivunja moyo, lakini sikuwahi kumwambia siri zangu. Wewe nilikuchagua. Nilipochora, nilikuwa nachora nikiuona uso wako unapofungua bunda. Kila nikishika patasi ulikuwa upande wa pili wa meza, unacheka. Yeye amechukua jina. Wewe umechukua huyo mtu niliyekuwa namchorea, na sijui wakili gani anashughulikia hilo.

Njoo. Basi linafika mchana, utapajua, hapajabadilika ila hakuna kibao. Mama atakupokea, amekwisha kuulizia kama unakula. Kitanda kipo, nimekitandika. Utakaa mpaka kesi iishe au mpaka upate pa kwenda. Mezani tutakula wote, na mbele ya Mama nitakuita wifi kama kawaida, kwa sababu yake.

Ila asubuhi nitakuwa kazini. Nimeanza kuchonga tena, kitu kingine, sijakipa jina. Mlango wa chumba cha kazi nitaufunga. Ukisikia sauti ya patasi, usinigongee.

Dada wa mume wako